Bakuli la Bibi Liang Halirudi Tupu

Ghorofa ya saba, jengo lisilo na lifti,
Nyuma ya soko la vitambaa,
Wilaya ya Haizhu, Guangzhou.
Alhamisi, baada ya chakula cha mchana.

Kwa Meneja,
Duka la Jumla la Wanachama,
(lile lenye maegesho makubwa kuliko uwanja wa mpira wa shule niliyosoma).

Ndugu Meneja,

YAH: MALALAMIKO DHIDI YA VIPIMO VYENU, PAMOJA NA OMBI LA KUJA KUCHUKUA BAKULI

Pokea salamu kutoka ghorofa ya saba, ambako hata salamu hufikiria mara mbili kabla ya kushuka ngazi. Mimi ni mwanachama wenu halali na kadi ninayo, yenye picha niliyopigwa nikiwa nimeshtuka. Naitwa Lusajo Mwakyoma, Mtanzania, mwanafunzi wa shahada ya uzamivu katika uhifadhi wa nafaka. Nakuandikia kwa Kiswahili kwa sababu Kichina changu ni cha darasani. Kinatosha kueleza unyevu wa mahindi ghalani, lakini mtu hawezi kulalamika ipasavyo kwa lugha aliyojifunza ili afaulu mtihani. Simu yako itakutafsiria. Ikikosea, nisamehe mimi, uigombeze simu.

Niende kwenye jambo lenyewe. Mbele yangu mezani kuna bakuli jeupe lenye ukingo wa buluu na ufa mwembamba upande mmoja. Si langu. Ni la Bibi Liang, mama mzee wa mlango unaotazamana na wangu. Jumapili asubuhi mwanawe anakuja kumchukua akaishi naye Shaoguan moja kwa moja, na mimi mpaka sasa sijui bakuli hili nimrudishie likiwa na nini ndani. Silali. Tatizo hili mmelileta ninyi. Tafadhali usikimbilie kukana, soma kwanza.

Malalamiko yangu ni haya yafuatayo.

1. Ninyi hamuuzi kitu kimoja.

Kwetu tunasema haba na haba hujaza kibaba. Ninyi mnaanzia kwenye kibaba, kisha mnakifunga kwa nailoni ngumu pamoja na kibaba kingine. Kabla sijawafahamu, niliishi katika mji huu miaka mitatu nikinunua yai moja, nyanya moja na kitunguu kimoja kwenye kiduka cha pembeni. Watu walidhani ni ubahili. Haukuwa ubahili, ilikuwa sera.

Guangzhou, Ndugu Meneja, kwa sisi tuliotoka mbali ni mji wa watu wanaopita. Mfanyabiashara anakuja, anazunguka viwanda vya jinzi kule Xintang, anajaza kontena, anaondoka. Mwanafunzi anavaa joho, anapiga picha na maua, anaondoka. Nimesindikiza watu uwanja wa ndege mpaka yule mama anayefunga mabegi kwa plastiki akawa ananisalimia. Nikaamua basi, sitazoeana na mtu tena. Na baada ya utafiti niligundua kuwa kuzoeana huanzia jikoni. Anayenunua yai moja hana cha kumgawia jirani, na asiye na cha kugawa hapigiwi hodi. Niliishi kwa amani. Nilikuwa naweza kumaliza wiki nzima bila kusikia jina langu.

Amani hiyo ilivunjwa na Anyango, mfanyabiashara wa jinzi kutoka Nairobi, anayepanga ghorofa ya tano. Alikuwa na kadi yenu, na kadi hiyo ina nafasi ya mtu wa pili. Nilimwambia kwa heshima kwamba mimi ni mtu mmoja mwenye tumbo moja. Akanijibu kwa lugha ya Nairobi, ambako “form” ni mpango, “Wacha ushamba, Lusajo, hapa form ni kugawana.” Aliyekuwa na ushamba ni nani, barua hii itaamua.

Tulifuatana na Bi Zulekha wa Mombasa, ambaye huja kununua viatu vya jumla pale Liuhua na akija hufikia kwa Anyango. Sasa wewe huenda hujui, lakini watu watatu wa Afrika Mashariki wakishika toroli moja, hiyo tayari ni kamati. Alipatikana mwenyekiti, akapatikana mweka hazina, na mimi, kwa kuwa nina elimu, nikapewa ukatibu. Tulisimama mbele ya rafu zenu tukajadili kana kwamba tunaandaa harusi. Bi Zulekha alielekeza simu kwenye maandishi ya kila boksi kuhakikisha hamna mafuta ya nguruwe. Anyango aliuliza kama boksi lenyewe litafaa baadaye kupakia jinzi. Mimi niliuliza kitakaa siku ngapi bila kuharibika. Kitu pekee kilichopita mikononi mwa wajumbe wote watatu ni vile vimkate vyenu laini vya unga wa mchele, na kwenye swali langu vilipita kwa sababu mwenyekiti alinizidi sauti. Boksi lilikuwa kubwa kiasi kwamba kwenye metro tuliliachia kiti, sisi tukasimama.

Wahenga walisema wema hauozi. Vimkate vyenu vinaoza. Ilipofika siku ya pili yake jioni, sehemu yangu ikaanza kukauka pembeni, na mimi kitaaluma siwezi kutazama chakula kikiharibika. Nikapanga vichache kwenye sahani yangu ya bati yenye maua mekundu, ile niliyopewa na mama siku naondoka Tukuyu, nikagonga mlango wa pili, kwa Bibi Liang. Hapo ndipo nilipokosea, lakini nasisitiza kwamba boksi lilikuwa lenu.

2. Meza zenu za kuonjesha ni mtego kwa watu waliolelewa vizuri.

Pale katikati ya duka mmemweka binti mwenye kofia nyeupe, anampa kila apitaye kipande cha kuonja bure. Watu wengine wanachukua, wanatafuna, wanaendelea na safari yao. Sisi hatuwezi. Safari yetu ya pili Bi Zulekha alipewa lozi moja, tena kwa mikono miwili, akasimama pale kama aliyetajiwa posa. Kichina chake chote ni cha sokoni: anajua kusema ghali, anajua kusema punguza, na anajua “bu yao”, yaani sitaki, ambayo huitamka huku ameshageuza mgongo. Maneno hayo yote hayana kazi kwa mtu anayekukirimu. Utapunguzaje bei ya kitu cha bure? Akaniambia pembeni kwamba yeye hajafundishwa kula cha mtu na kuondoka, na kwamba akipewa kwa mikono miwili hawezi kukimbia kwa miguu miwili. Tukachukua gunia la lozi.

Tulipomaliza lozi tukapita meza ya jibini. Tukapita na ile ya samaki. Siku ile ndiyo tuliyorudi nyumbani kwa teksi.

3. Mmechanganya sheria mbili ambazo hazikupaswa kukutana.

Hapa naomba usome taratibu, kwa sababu ndipo penye kiini.

Sheria ya kwanza ni ya kwetu. Jirani akikuletea chakula kwenye chombo chake, chombo hakirudi kitupu. Ukikosa kabisa unatia hata chumvi. Bibi yangu mzaa mama alikuwa akisema bakuli tupu likipita mlangoni watu wanajua ndani ya nyumba hiyo kuna nini na hakuna nini. Chombo kikisharudi na kitu, mambo yamekwisha, kila mtu anaendelea na shughuli zake.

Sheria ya pili ni ya Bibi Liang. Kwake yeye kilichomo bakulini ni zawadi, na zawadi haiachwi bila jibu.

Kila sheria peke yake ni njema na haina madhara. Ziweke kwenye korido moja uone. Sahani yangu ya bati ilirudi na machungwa madogo. Nikasema alhamdulillahi, ingawa mimi ni Mlutheri, nikajua yamekwisha. Baada ya siku mbili, pengine baada ya kuona taa yangu na kutosikia sauti ya mtu, Bibi Liang akaja na bakuli hili la ukingo wa buluu limejaa supu ya karanga na mizizi ya yungiyungi. Kwa sheria yangu halikuweza kurudi tupu. Nikatia lozi za Bi Zulekha, tena nikazisindilia, kwa sababu gunia lenu lilikuwa linanitazama. Kwa sheria yake lozi zile zikawa zawadi mpya. Akajibu kwa keki ya figili. Nami ningefanyaje? Nikajibu kwa chapati za Anyango, zilizotokana na mfuko wenu wa unga ambao tuliupandisha ngazi kwa zamu. Akajibu. Nikajibu.

Laiti mngekuwa mnauza lozi kwa kiganja, ningetia kiganja kimoja, mzee wa watu angeona ni chumvi tu, akaacha. Ninyi ndio mlionipa uwezo wa kujaza.

4. Bakuli limekuwa mjumbe wa nne wa kamati.

Siku hizi tukifika dukani kwenu hatujiulizi tena sisi tunataka nini. Tunajiuliza nini kitaingia bakulini. Bibi Liang hana meno ya nyuma, kwa hiyo nyama kavu imepigiwa kura ikaanguka. Maziwa yanamsumbua tumbo, jibini likatoka. Vitu vya sukari nyingi mwanawe amemkataza kwa simu, lakini vimkate vya mchele anavificha chini ya mto, na kamati imeamua kwamba hilo si jukumu letu. Ugali alikula na sukari guru akasema ni mzuri. Bi Zulekha alihuzunika kwa muda, kisha akasema kila mtu na dini yake.

Na si sisi tu tuliobadilika. Bibi Liang alipogundua kwamba Bi Zulekha hali nguruwe, hakuuliza swali lolote. Alianza kuleta vyombo viwili, na kile cha Bi Zulekha alikifunga uzi mwekundu kwenye kifuniko ili tusichanganye. Chakula cha uzi mwekundu alikipika kwenye sufuria mpya, ambayo alimwita Anyango aje aishuhudie ikiwa bado na karatasi ya dukani. Siku hiyo Bi Zulekha alilia jikoni, na pilau ikachelewa. Ucheleweshaji huo nauandika kwenye hesabu yenu.

5. Mmeharibu utafiti wangu na jina langu nyumbani.

Tasnifu yangu inahusu upotevu wa chakula baada ya mavuno. Sura ya nne inasema, kwa majedwali, kwamba chakula kingi kikiwekwa mahali padogo, penye joto na unyevu wa Guangzhou, sehemu kubwa lazima ipotee. Jikoni kwangu kuna chakula kingi, mahali ni padogo, joto lipo na unyevu upo. Hakipotei hata kidogo. Nimetafuta maelezo katika vitabu vyote vya taaluma yangu na sijayapata, na profesa wangu hapendi jambo lisilo na maelezo.

Halafu kuna mashavu. Mama alinipigia simu ya video, akaisogeza simu karibu na uso wake, akaniuliza ni nani anayenipikia. Nikamjibu kwa uaminifu kwamba ni mama mzee wa mlango wa pili, Mkenya mmoja, na Bi Zulekha akiwepo. Mama alichosikia ni “Mkenya mmoja”. Sasa wazee wa ukoo wamekaa kikao, wameshataja ng'ombe, na baba mdogo anauliza ukoo wa Anyango unakaa wapi ili wapeleke mshenga. Anyango ana mume na watoto watatu Nairobi. Nimeeleza. Naambiwa nisione haya.

6. Mmeninyima haki yangu ya kuugua kwa siri.

Mwezi wa tatu, wakati ule kuta zinapotokwa jasho na nguo hazikauki, nilipata homa. Katika miaka yangu ya yai moja niliwahi kuugua mara mbili, nikajifunika, nikapona, na hakuna aliyejua. Ndivyo nilivyopanga kufanya na safari hii. Anyango na Bi Zulekha walikuwa Xintang wakisimamia mzigo. Nililala.

Lakini bakuli lilikuwa kwangu, na lilikuwa limechelewa. Bibi Liang akagonga. Sikuitika. Akaondoka, akarudi, akagonga kwa mwiko. Nilisikia lakini sauti haikutoka. Akashuka ghorofa zote saba kwa magoti yale aliyonayo, akamwita mlinzi wa jengo mwenye funguo, akapanda naye tena zote saba. Walinikuta sakafuni kati ya kitanda na mlango, nilipokuwa nimejaribu kwenda kumfungulia.

Hatuelewani kwa lugha, mimi na yeye, Anyango asipokuwepo kutafsiri. Yeye anasema Kikantoni cha mtaani kwao, mimi nasema Kimandarini cha mahindi. Alikaa kwenye kiti changu cha kusomea akanilisha uji wa wali na tangawizi kwa kijiko, akinigombeza kila kijiko, na nilielewa kila neno. Ndugu Meneja, nililia. Sikulia kwa sababu ya homa. Nililia kwa sababu kuna mtu aliyekuwa amehesabu kwamba sijatoka. Daktari alisema tungechelewa siku moja zaidi mapafu yangekuwa habari nyingine.

Kama si boksi lenu lisingekuwapo bakuli, na kama si bakuli ningekuwa nimeugua kwa utulivu kama zamani mpaka mwisho. Naomba hili lichunguzwe.

7. Na sasa ni Jumapili.

Mwanawe ni mtu mwema, sina neno naye. Anaona mama yake ana magoti mabovu na ghorofa ni saba, na kule Shaoguan kuna lifti na wajukuu. Hata mimi ningemchukua. Bibi Liang amefungasha tangu juzi. Korido imejaa maboksi, na mengi, naomba ulione hilo, ni maboksi ya duka lenu aliyopewa na Anyango.

Mimi nimebaki na bakuli. Nimelitazama kitaaluma nikaona njia tatu, zote mbovu.

Nikilirudisha tupu, nimemwaibisha bibi yangu kaburini, na mama akijua hatanipigia tena simu, hata ya kuulizia mchumba. Nikilirudisha limejaa, kwa sheria ya Bibi Liang itambidi ajibu, na hana tena jiko wala muda. Sufuria zake zimefungwa kwa magazeti. Nimwache mtu mzima asafiri na jibu lililomkaa kooni? Nikilikalia kimya, mimi ni mwizi wa bakuli la mama mzee, na ufa wake naujua.

Iko njia ya nne, ambayo ni kugonga mlango, kumpa bakuli mkononi na kumwambia asante kwa Kikantoni. Anyango amenifundisha maneno hayo na nimeyafanyia mazoezi. Lakini bakuli likishafika mkononi mwake basi, mambo yamekwisha, na mimi sitaki yaishe. Sentensi hiyo isomwe kana kwamba haikuandikwa. Nilikwisha sema mapema kwamba mimi nina sera, na sera yangu ilikuwa sahihi. Ndiyo maana nilikuwa nanunua yai moja. Mtu wa yai moja hasimami koridoni siku ya Jumapili akitazama mizigo ya mtu mwingine ikishuka.

Kwa kuzingatia hayo yote, naomba yafuatayo bila kuchelewa:

Kwanza, duka lenu lianze kuuza yai moja, lozi moja, na kimkate kimoja cha mchele. Kama hilo ni gumu, gaweni maboksi yenu nusu, kwani nusu shari ni heri kuliko shari kamili. Mwanachama yeyote mwenye macho ya upweke akifika mlangoni apelekwe kwenye rafu ya vipimo vidogo, wala asiruhusiwe kufika kwenye unga.

Pili, binti wa kofia nyeupe aagizwe kutoa vya kuonja kwa mkono mmoja tu, tena wa kushoto, akiwa ametazama pembeni, ili watu waliolelewa vizuri waweze kuondoka.

Tatu, na hili ndilo kubwa, mtume ofisa wenu kabla ya Jumapili aje achukue bakuli. Kila kilichowahi kuingia humo kutoka upande wangu kilitoka kwenu, kwa hiyo mchezo huu kimsingi ni kati yenu na Bibi Liang. Napendekeza aje yule bwana anayesimama mlangoni na kalamu, anayekagua kila kinachotoka na kukipiga mstari kwenye risiti. Yeye amezoea kuona vitu vikiondoka na uso wake haubadiliki. Alichukue, alipeleke mlango wa pili, hatua chache tu, apige mstari. Aniandikie hati yenye mhuri kwamba bakuli halikurudi tupu na wala halikurudi limejaa. Mimi nitakuwa ndani, na mlango nitakuwa nimeufunga.

Mkishindwa kutimiza haya, nitalazimika kurudisha kadi yangu na kurejea kwenye kiduka cha pembeni, ambako mwenye duka hajawahi kuniuliza nimekula nini, na ninamheshimu sana kwa hilo.

Nisalimie wafanyakazi wote wa duka: wa mikate, wa samaki, anayeendesha ile mashine ya kunyanyulia mizigo juu ya rafu na kutupigia honi, na binti wa kofia nyeupe, ambaye Bi Zulekha anamuulizia kama ameshaolewa kwa sababu ana mpwa wake Mombasa. Nisalimie na familia yako, Ndugu Meneja, kama nao wanakula vipimo vya duka nawapa pole. Anyango anakusalimu na anauliza maboksi yale marefu yanakuja lini. Mlinzi wa jengo letu anakusalimu, naye siku hizi ana sahani yake katika mzunguko. Mafundi cherehani wa chini wanakusalimu, wao wameingia mwezi uliopita.

Ni mimi mwanachama wenu mwaminifu, mwenye masikitiko na uzito ulioongezeka,

Lusajo Mwakyoma,
Katibu wa Kamati.

Tanbihi: Nilikuwa nimeshaibandika bahasha, imebidi niifungue kwa mvuke. Anyango ametoka sasa hivi kumsaidia Bibi Liang kufunga sanduku la mwisho. Kumbe katika hesabu zangu zote nilisahau ile sahani yangu ya bati yenye maua mekundu. Ilienda kwake wiki iliyopita na chapati, haikurudi, na kwa wingi wa vyombo sikuiona imekosekana. Anyango ameikuta chini kabisa ya sanduku, imeviringishwa ndani ya koti la baridi. Akaitoa aniletee. Bibi Liang akampiga kofi la mkononi, akaichukua, akaiviringisha upya kwenye lile koti, akafunga sanduku na kulikalia.

Kwa hiyo yeye ana sahani yangu na mimi nina bakuli lake, na hakuna anayemrudishia mwenzake kitu. Jumapili nitambebea mizigo mpaka chini, kisha nitapanda kuosha bakuli. Treni ya Shaoguan, nimeulizia, haichukui hata muda wa kuchemsha makande. Likizo ikianza kamati nzima inakwenda, Bi Zulekha atakuwa amerudi kutoka Mombasa na uzi mwekundu ameshaununua.

Naomba basi barua hii isifanyiwe kazi yoyote. Msiguse vipimo vyenu. Jumamosi ya kabla ya likizo tutakuja na toroli mbili, na kwa kuwa safari hii bakuli lina wajukuu wa kulisha, nilitaka kuuliza tu: vile vimkate vya mchele, hamna boksi kubwa zaidi ya lile?